Kadi Iko Wapi? Leja ya Kadi za Mpira wa Kikapu kwenye Kompyuta

Ukiniuliza sasa hivi kadi ya Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA, ya kampuni ya Topps ya msimu wa 2009-10 iko wapi, nitakujibu bila kuinuka kwenye kiti: boksi C, mstari wa pili, nyuma ya kigawanyo cha timu ya Memphis, na zipo tatu. Sina kichwa cha ajabu. Nina leja. Kazi yangu ni stoo. Niliifanya Tanga kabla sijaja Houston na ninaifanya hapa, kwenye vifaa vya hospitali, na ninachokuandikia ni utaratibu uleule, ila badala ya glovu na mabomba ya sindano tunahesabu kadi za wachezaji wa NBA.

Wakusanyaji wengi ninaokutana nao kwenye maonyesho ya kadi huku Texas huanza na bei. Wanapakua programu ya simu, wanapiga picha kadi zao, skrini inawaonyesha jumla ya dola, wanafurahi. Akija mtu na pesa mkononi anataka kadi moja kati ya hizo, mwenyewe anaanza kupekua maboksi sebuleni hadi mnunuzi anachoka. Leja ya maana inajibu maswali matatu, tena kwa mpangilio huu: nina nini hasa, kiko wapi, na kilinigharimu kiasi gani. Bei ya leo ni swali la nne na halina haraka.

Chombo

Natumia vitu viwili. Cha kwanza ni Trading Card Database, ambayo watu wanaiita TCDB tu. Ni tovuti ya bure yenye orodha za seti za kadi, za zamani na za sasa, zinazojazwa na wakusanyaji wenyewe. Hapo ndipo ninapokwenda kuuliza kadi inaitwaje, ni namba ngapi, na seti yake ina kadi ngapi. Unaweza kuweka alama kwenye kadi ulizonazo na ukaona zinazokosekana, na kwa mtu anayejaza seti hilo peke yake linatosha.

Cha pili ni lahajedwali langu mwenyewe kwenye Google Sheets. Excel ni sawa, LibreOffice ni sawa. Ninashikilia lahajedwali kwa sababu TCDB haijui kabati langu, na kwa sababu programu za simu huja na kuondoka. Leo ni bure, kesho wanataka malipo ya mwezi, keshokutwa zimefungwa. Ukipenda programu ya kupiga picha, itumie, lakini kabla hujaingiza kadi ya kwanza tafuta kama ina njia ya kutoa orodha yako nzima kwa faili la CSV, yaani maandishi matupu ambayo jedwali lolote linaweza kuyafungua. Isiyo na mlango wa kutokea usiiingie.

Kuisoma kadi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. Geuza kadi. Mbele kuna sura ya mchezaji, lakini kitambulisho kiko nyuma: namba ya kadi, jina la kampuni na seti, na chini kabisa maandishi madogo ya hakimiliki yenye mwaka. Mwaka huo si lazima uwe msimu wa seti. Kadi ya 2009-10 inaweza kuandikwa 2009 peke yake. Andika msimu jinsi orodha ya TCDB inavyouandika, basi, usibuni mtindo wako.

Tena mwaka ninaouandika ni wa kadi, si wa mchezaji. Jirani yangu ni Mkongomani, mtu wa Lubumbashi, na kadi anazozitafuta kuliko zote ni za Bismack Biyombo, mtoto wa mji wao. Siku alipoona mstari wa Biyombo kwenye skrini yangu alishtuka. "Dada, uyu aliingiya mu 2011. Juu ya nini unaandika 2012-13?" Haki yake kuuliza. Biyombo alichaguliwa mwaka 2011, siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na akacheza msimu huohuo, lakini mwaka ule wenye timu na wachezaji walikuwa kwenye mgogoro, ligi ikafungwa, msimu ukaanza sikukuu ya Krismasi ukiwa na mechi 66 kwa kila timu. Kadi za ruki, yaani wachezaji wa msimu wa kwanza, wa mwaka huo zikasubiri seti za 2012-13. Kyrie Irving na Kawhi Leonard ni hivyohivyo. Ukiandika 2011 kwa sababu unajua mpira, siku ya kutafuta kadi hiyo kwenye orodha yoyote duniani hutaiona.

Majina nayo yana mambo. Chukua kadi ya Olajuwon ya kampuni ya Fleer ya 1986-87, namba 82. Mbele imeandikwa Akeem. Mwenyewe alianza kuandika Hakeem mwaka 1991, kwa hiyo kadi zake za miaka ya mwanzo zote zina tahajia ya zamani. Thabeet wetu, magazeti ya nyumbani yanamwita Hashim na pengine Thabit, kadi zinasema Hasheem Thabeet. Dawa ni safu mbili za jina: moja ni jina la kutafutia, ambalo halibadiliki kamwe kwa mchezaji huyo, nyingine ni jina kama lilivyochapwa kwenye kadi. Kwenye ya kutafutia ninaanza na jina la ukoo, "Olajuwon, Hakeem", ili nikipanga kwa alfabeti kadi zake zote zikae pamoja, za A na za H.

Namba ya kadi peke yake pia haitoshi. Seti hiyohiyo ya Fleer ina kadi 132, na kila pakiti ilikuwa na stika moja kutoka kundi la stika 11 lenye namba zake lenyewe kuanzia 1. Michael Jordan ni namba 57 kwenye kadi za kawaida na namba 8 kwenye stika. Sasa mtu akiandika "Fleer 1986-87, namba 8" amesema nini? Ndiyo maana nina safu ninayoiita kundi: msingi, stika, nyongeza, saini, kipande cha jezi.

Halafu kuna rangi, balaa la kadi za siku hizi. Kadi ya ruki ya Jonathan Kuminga, yule kijana wa Goma, ya seti ya Prizm ya kampuni ya Panini, 2021-22, ipo ya kawaida, ipo ya fedha, ipo nyekundu, bluu, kijani, zenye mawimbi, ipo ya dhahabu zilizochapwa 10 tu, na nyeusi ambayo ni moja peke yake. Picha ni ileile, namba ni ileile. Ya kawaida na ya fedha ndizo zinazochanganywa zaidi, kwa sababu zote mbili zinang'aa. Ishike kadi chini ya taa, iinamishe polepole. Ya fedha inatoa rangi za upinde wa mvua zinazotembea juu ya uso wake; ya kawaida inarudisha mwanga mweupe tu. Kisha igeuze: kwenye matoleo ya rangi utakuta neno PRIZM limechapwa nyuma, kwenye ya kawaida halipo. Kadi za Topps Chrome nazo kwa kawaida huandikwa REFRACTOR nyuma, karibu na namba, kama ni toleo linalotoa rangi za upinde wa mvua. Programu za simu zinateleza hapa mara nyingi, kwa kuwa picha moja ya mbele haina namna ya kuinamisha kadi. Iache programu ikutajie seti na mchezaji, lakini rangi iamue wewe kwa macho yako na taa.

Jina la kampuni haliumizi kichwa. Kwa NBA jua tu kwamba Topps iliachia seti zake za mwisho msimu wa 2009-10, Panini ikashika leseni miaka mingi, na Topps ikarudi msimu wa 2025-26. Ukiona kadi ya Topps ya mchezaji wa NBA ya katikati ya hapo, isome nyuma mara mbili.

Mstari mmoja kamili

Mstari mmoja ni kadi moja. Hizi ndizo safu zangu, na hivi ndivyo ule wa Olajuwon unavyosomeka:

Namba yangu: A-0003
Msimu: 1986-87
Kampuni na seti: Fleer
Kundi: msingi
Namba ya kadi: 82
Jina la kutafutia: Olajuwon, Hakeem
Jina kwenye kadi: Akeem Olajuwon
Timu: Houston Rockets
Rangi: kawaida
Namba ya nakala: (tupu; hujazwa kwa zilizochapwa kwa idadi maalumu tu)
Hali: kona ya chini kushoto imelegea, picha imesogea kulia
Mahali: A-1
Gharama: bei, posta na kodi pamoja
Tarehe na chanzo: siku ya ununuzi, maonyesho
Hadhi: ipo
Maelezo: ruki, alichaguliwa wa 1, 1984

Namba yangu ndiyo roho ya leja. Tarakimu zake hazina maana yoyote, zinaongezeka tu, na namba ikishatolewa haitolewi tena hata kadi ikiuzwa. Herufi ya mbele ni ya boksi ambamo kadi iliandikishwa mara ya kwanza. Kadi ikihama, safu ya mahali inabadilika, namba inabaki. Watu wanapenda kutengeneza namba zenye hekima, mwaka ndani, timu ndani, mchezaji ndani. Stoo tulishaacha hayo. Mchezaji akihama timu au ukigundua seti uliiandika vibaya, namba yenye hekima inageuka kuwa uongo uliobandikwa kwenye plastiki.

Safu ya hali, nakuomba usiandike "nzuri". Nzuri haina maana. Andika unachokiona: kona gani, ukingo gani, mkwaruzo uko wapi, picha imekaa katikati au imeegemea upande. Siku ukiuza kwa mtu wa mbali, maneno hayo utayanakili moja kwa moja.

Maelezo ni safu ya starehe. Mimi huwa naandika mchezaji alichaguliwa wa ngapi, na siku moja nikipanga jedwali kwa safu hiyo nikaona Wakongomani watatu wamesimama pamoja: Biyombo 2011, Emmanuel Mudiay 2015, Kuminga 2021, wote wa saba. Haina faida yoyote, lakini nani alisema leja ni ya faida tu.

Kabla hujaandika chochote, fanya hivi

Safu ya msimu, ya namba ya kadi na ya namba ya nakala, ziweke kuwa maandishi matupu kabla ya kuandika. Kwenye Google Sheets chagua safu yote, ingia kwenye menyu ya muundo, kisha namba, kisha maandishi matupu. Usipofanya hivyo jedwali litajifanya linakusaidia. Andika 2009-10 kwenye Excel, itadhani umesema Oktoba 2009 na kuibadilisha. Kadi ya nakala ya 12 kati ya 25, ukiandika 12/25, kwa mpangilio wa Kimarekani wa mwezi kwanza, inageuka kuwa Krismasi. Ubaya wenyewe ni kwamba haibadilishi zote: 1986-87 inaachwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 87, 2012-13 inaachwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, halafu misimu ya kuanzia 2000-01 hadi 2011-12 inaharibika kimyakimya. Unaangalia mistari ya juu unaona sawa, kumbe katikati mna tarehe. Na ukisharuhusu 7/10 kuwa tarehe 10 Julai, kuirudisha kunahitaji kuishika kadi yenyewe tena.

Faili la CSV nalo usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Excel itarudia mchezo uleule, na juu yake itayavuruga majina yenye alama kama Jokić, Dončić na Schröder. Fungua kitabu kitupu kwanza, kisha leta faili kupitia menyu ya data, ukichagua UTF-8 (mfumo wa herufi unaozijua alama hizo) na kuziambia safu hizo tatu kuwa ni maandishi.

Kwa safu za kampuni, kundi, rangi na hadhi, weka orodha ya kuchagua badala ya kuandika kwa mkono. Ukiandika mwenyewe, leo utaweka "Prizm", kesho "Panini Prizm", keshokutwa "prism", na kichujio kitakuonyesha theluthi moja ya ulichonacho.

Mahali

Maboksi yangu yana herufi, mistari ndani ya boksi ina namba, na vigawanyo vina majina ya timu. C-2-Memphis. Kadi zilizo kwenye faili la kurasa za plastiki zenye mifuko tisa zinaandikwa kwa faili, ukurasa na mfuko: F1-14-5, nikihesabu mifuko kama mtu anavyosoma, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Herufi ya boksi imeandikwa pande zote nne kwa kalamu nene, kwa sababu boksi likigeuzwa kwenye rafu upande mmoja hauonekani.

Namba yangu inaandikwa kwenye kibandiko kidogo kinachobandikwa nje ya toploda, ile plastiki ngumu ya kutelezeshea kadi, au kwenye mfuko wa pili wa nje kama kadi haina toploda. Gundi isiguse kadi wala ule mfuko mwepesi unaoigusa kadi. Kadi za kawaida za senti chache hazibandikwi kitu.

Sheria moja ya stoo nimeileta nyumbani bila kuipunguza: unabadilisha leja kwanza, ndipo unahamisha kadi. Ukihamisha kwanza, simu italia, mtoto ataita, chungu kitaungua, na kadi itakuwa imelala mahali ambapo hakuna maandishi yanayoijua. Kadi ikitoka nyumbani, hadhi inabadilika kabla haijavuka mlango: imetumwa kupimwa hali na kupewa daraja, imeazimwa, iko mezani kwenye maonyesho, imeuzwa. Iliyouzwa haifutwi. Unaandika tarehe na kiasi ulichopokea, unaiacha palepale, na kichujio kinaificha usipoihitaji.

Zilizopewa daraja na PSA na wenzao, kampuni zinazopima hali ya kadi, huja kwenye kasha gumu lenye namba ya cheti. Namba hiyo iongezee safu yake. Ukiiingiza kwenye ukurasa wa PSA wa kuhakiki vyeti unapata maelezo ya kadi, mara nyingi na picha. Linganisha picha hiyo na ulichoshika, kona kwa kona, kabla hujalipa na siyo baada, kwa sababu makasha bandia yapo, na mengine yamechapwa namba ya cheti cha kweli cha kadi ya mtu mwingine.

Picha

Si kila kadi inahitaji picha yake. Mimi napiga kadi moja moja zile ambazo zikipotea zitaniuma: za saini, zenye namba ya nakala, zilizopewa daraja, na zote za Thabeet na Olajuwon kwa sababu za moyo. Nyingine napiga ukurasa mzima wa faili, kadi tisa kwa picha moja.

Skana ya mezani inatoa picha safi kuliko simu. Kadi ya kawaida ni inchi 2.5 kwa 3.5, kwa hiyo ukiskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) unapata picha ya nukta 750 kwa 1,050, ambayo inatosha kutambua kadi lakini haionyeshi kona vizuri. Dpi 600 inakupa 1,500 kwa 2,100, na hapo kona inajieleza. Zaidi ya hapo unajaza diski tu. Kama unanunua skana kwa ajili ya kadi, uliza ni ya aina gani ndani: zile nyembamba za bei nafuu huwa za CIS, na macho yake hayaoni mbali na kioo, kwa hiyo kadi iliyo ndani ya kasha nene inatoka na ukungu. Za CCD ni nene na ghali kidogo, lakini zinaiona kadi hata ikiwa imeinuka juu ya kioo. Kama huna skana, simu karibu na dirisha mchana, bila flashi, kadi juu ya karatasi nyeusi, simu sambamba na meza.

Jina la picha ni namba yangu na upande, basi: A-0003-mbele, A-0003-nyuma. Nyuma piga pia. Nimeshakuambia kitambulisho kiko wapi.

Gharama, kisha bei

Gharama ni kila kilichotoka mfukoni ili kadi ifike mkononi: bei, posta, kodi ya mauzo, na kama uliituma kupimwa, ada hiyo nayo inaongezwa. Ukinunua boksi zima la pakiti, gawa gharama hata kwa makadirio, ila andika kwenye maelezo uligawaje. Hapa Marekani si jambo la kujifurahisha: faida ya vitu vya mkusanyo uliokaa navyo zaidi ya mwaka inaweza kutozwa kodi hadi asilimia 28, na bila rekodi ya gharama huna njia ya kuonyesha kwamba faida yako ilikuwa ndogo. Risiti naipiga picha na kuiita kwa namba ya kadi, kama picha nyingine.

Bei ya leo usiichukue kwenye kile wauzaji wanachoomba. Kuomba ni bure. Ingia eBay, weka kichujio cha vilivyouzwa, utaona mauzo ya takriban miezi mitatu iliyopita. Tafuta yenye rangi ileile, daraja lilelile, kisha uchukue ya katikati kati ya machache ya karibuni, siyo ya juu kabisa iliyokufurahisha. Kwenye leja bei bila tarehe haina maana, kwa hiyo zinakaa pamoja safu mbili jirani. Mimi naangalia bei za kadi kubwa mara moja kwa mwaka, na za mchezaji yeyote nikiwa nataka kuuza. Kadi za kawaida sizipi bei kabisa. Mtu anayeangalia thamani ya mkusanyo wake kila asubuhi kabla ya chai anafanya biashara ya hisa, si kukusanya kadi, na hiyo ni kazi nyingine.

Kuhesabu mali

Leja isiyohesabiwa inaoza. Lakini usihesabu yote kwa siku moja, utachoka na utaanza kuandika "sawa" bila kuangalia. Chagua boksi moja kwa mwezi. Chukua mistari kumi kutoka kwenye jedwali, ukaitafute kadi kwa kadi ndani ya boksi. Kisha fanya kinyume: chomoa kadi kumi kutoka boksini bila kuchagua, uzitafute kwenye jedwali. Kutoka leja kwenda rafu unagundua zilizopotea. Kutoka rafu kwenda leja unagundua ambazo hazijawahi kuandikwa. Wengi wanafanya upande wa kwanza peke yake. Ishirini zote zikikutana, funga boksi uandike tarehe kwenye kifuniko. Mbili zisipokutana, boksi hilo lote linahesabiwa upya.

Nakala

Tunaoishi Houston hatuhitaji kufundishwa habari za maji. Tangu mafuriko ya kimbunga Harvey ya Agosti 2017 mtu hapa akisikia mvua kubwa anaangalia sakafu. Maboksi yangu yako rafu ya juu. Leja iko sehemu tatu: mtandaoni, kwenye kompyuta, na kwenye diski ndogo iliyo nyumbani kwa dada yangu, mtaa mwingine kabisa. Mwanzo wa kila mwezi napakua jedwali kama CSV na jingine kama Excel, nalipa jina lenye tarehe, sifuti la mwezi uliopita. Folda ya picha inafuata njia hiyohiyo. Ukikatia kadi bima, orodha hiyo pamoja na picha na risiti ndiyo utakayoombwa, na hutaombwa siku ambayo nyumba ni kavu.

Ukiwa na mlundikano

Kama tayari una kadi elfu kadhaa kwenye makatoni, usianze na katoni la kwanza. Anza na kadi itakayoingia nyumbani kesho: kuanzia hiyo, hakuna kadi inayolala bila mstari wake. Kisha tafuta zile ambazo unazijua kwa jina hata ukiwa usingizini, ziandike zote. Zilizobaki, za kawaida, ziandike kwa mafungu: "Hoops 1990-91, msingi, kadi 140 mchanganyiko, boksi H-1", mstari mmoja. Siku ukipata nafasi fungu litavunjwa, lakini hata lisipovunjwa unajua liko wapi.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni la kushirikisha wengine. Mpwa wangu yuko Tanga, anafuatilia kadi za Thabeet kuliko mimi, na kila nikienda likizo anataka kujua zipi ninazo zaidi ya moja. Kumtumia kiungo cha jedwali ni rahisi, lakini kuficha safu hakutoshi: mwenye ruhusa ya kuangalia na kunakili anaweza kutengeneza nakala yake na kuzifunua safu zote. Tengeneza faili la pili kabisa, litumie IMPORTRANGE, fomula ya Google Sheets ya kuvuta data kutoka faili jingine, kuvuta msimu, seti, namba, jina na idadi tu, kisha kiungo cha faili hilo ndicho unachogawa. Gharama na mahali vinabaki kwenye faili la kwanza, ambalo halina kiungo kwa mtu yeyote. Mpwa hana ubaya, ila kiungo kikishatua kwenye kundi la WhatsApp hujui nani anakisoma, na hakuna sababu mtu usiyemjua ajue kadi ya dola mia nne iko rafu gani chumbani kwako.